Hatua Nne Bila Kusaidiwa

Usihangaike kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Ramani zetu huchapwa na wizara, na wizara imetangaza kwamba wino umekwisha. Mimi naishi humo, nina meza karibu na dirisha, na sina malalamiko. Nasimulia tu yaliyotokea, na pale nilipokosea mimi nitapasema, ingawa kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi hakuna aliyekosea.

Nchi yetu ilikuwa imejaribu michezo yote. Tulikimbia, tukapitwa hata na waliokuwa wakirudi. Tuliogelea, tukaokolewa. Tulipeleka timu ya mpira ng'ambo, ikafungwa mabao mengi hata kocha wa upande wa pili akaomba radhi. Ndipo Baraza la Mawaziri lilipokaa kutafakari, na baada ya kukaa siku tatu likagundua kwamba kukaa ndicho kitu tunachokiweza kuliko mataifa yote. Ikaundwa Wizara ya Michezo ya Kukaa. Chini yake likaundwa Shirikisho la Taifa la Brij, na mimi, Nyamvula, mwenye stashahada ya uandishi wa ofisini, nikaajiriwa humo kwa majaribio ya miezi sita. Majaribio hayo yalikuwa yameingia mwaka wa pili.

Brij, kwa asiyeijua, ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Wenza hukaa wakitazamana. Huruhusiwi kumkonyeza mwenza wako, wala kukohoa kwa maana, wala kupiga chafya kwa mpango. Kazi yote ni kukumbuka karata zilizokwisha kupita na kujua zilizobaki ziko kwa nani. Wizara iliposikia sharti la kukumbuka ilisita kidogo, lakini ilipohakikishiwa kwamba mchezo huchezwa kwa kukaa, ikaupitisha.

*

Mabingwa wa nchi walikuwa wawili, na kila mtu aliwajua.

Bi Zawena alikuwa opereta wa telegramu katika posta kuu kwa miaka thelathini na minne. Telegramu zilipofutwa alihamia kwenye baraza ya posta hiyo hiyo, hatua kumi kutoka pale alipokuwa akifanya kazi, na hajaondoka hadi leo. Mwenza wake, Mzee Machano, ni fundi saa. Kioo chake cha jicho hukivaa shingoni kwa kamba, hata anapokula. Wamecheza pamoja miaka thelathini na moja, na nusu ya wacheza brij wa nchi hii walijifunzia kwenye baraza yao.

Mimi nililelewa hapo. Mama yangu aliuza stempu dirisha la pili, nami nikitoka shule nilikabidhiwa kwa Bi Zawena mpaka saa kumi na moja. Hakunifundisha karata kwanza. Alinifundisha maneno.

"Andika hivi: mama mgonjwa, njoo."

Nami, kwa kuwa nilipenda lugha tangu udogo, niliandika: Napenda kukujulisha kwamba mama yetu mpendwa anaumwa sana, kwa hiyo tafadhali njoo haraka.

Bi Zawena alihesabu maneno kwa vidole, vidole vikamwishia. "Mama ameshazikwa, mwanangu," akasema, "na wewe bado unapenda kujulisha. Neno lisilofanya kazi, likate."

Nikajifunza kukata. Chuoni baadaye walinifundisha kuongeza, na stashahada walinipa kwa kuongeza.

Alinifundisha pia kwamba opereta akiupata ujumbe hujibu neno moja tu: imepokelewa. Nikamuuliza, je, kama ujumbe wenyewe ni matusi? "Imepokelewa," akasema. "Maana yake umefika, basi. Hujasema umekubali, hujasema umekasirika. Umefika."

Kutoka kwenye kazi hiyo ndiko ilikotoka desturi ya baraza ile, ambayo nchi nzima imeifuata: karata ikiwekwa mezani huitwa kwa jina. "Tisa ya shupaza!" "Bibi wa kopa!" Wageni hutuona watu wa makelele. Lakini Bi Zawena alizoea kwamba kilichopita lazima kisomwe kwa sauti, na wote tukazoea hivyo.

Kwa sababu ya desturi hiyo, hakuna aliyegundua alipoanza kupoteza macho.

Niligundua mimi, siku moja niliyomkuta ameshika gazeti juu chini na kutikisa kichwa kwa masikitiko kama asomaye habari za serikali. Nilipoligeuza, akanishika mkono.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Machano. Sasa na wewe. Karata iliyo mkononi bado naiona, nikiileta puani. Ya mezani naisikia. Daktari anasema mwaka huu ninao, mwakani hajui." Akacheka. "Nataka mara moja tu nikae na hao mabingwa wa dunia, Vula. Mara moja. Nikirudi, macho yaende yanakotaka. Usimwambie mtu."

Nikamwambia sitamwambia mtu. Na kwa mdomo, sikumwambia mtu.

*

Barua ya Shirikisho la Dunia ilikuja ikiwa na kurasa ishirini. Kila nchi ilete jozi moja, yaani wenza wawili. Jozi ichaguliwe kwa kanuni za haki, zilizoandikwa, zinazomhusu kila mtu sawasawa, na kanuni hizo zitumwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Shekue, alisoma ukurasa wa kwanza akavua miwani.

"Haki hii wanayoitaka, tunayo?"

"Tutaiandika, Mheshimiwa," nikajibu.

"Vizuri. Andika nyingi, isije ikapungua katikati."

Nilizitafsiri kurasa zote ishirini, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ukurasa wa sita ulisema kwamba mchezaji yeyote mwenye shida ya macho atasomewa karata kwa sauti na msaidizi, bila kupunguziwa chochote. Nilifurahi sana nilipoufikia. Nilikusudia kumpelekea Bi Zawena habari hiyo jioni ileile, ila kulikuwa na mvua.

Mashindano ya mchujo yakafanyika siku mbili katika ukumbi wa wizara. Jozi ishirini na sita. Bi Zawena na Mzee Machano walishinda kwa mbali, hata jozi ya pili ilipotangazwa watu waliuliza ni mashindano gani hayo mengine.

Jozi ya ishirini na tano ilikuwa ya Shemeji na dereva wake. Shemeji alikuwa na jina lake, Hamduni, lakini hakuna aliyelitumia, kwa kuwa dada yake ameolewa na Waziri, na kwa hiyo taifa zima lilimwita Shemeji kwa heshima. Jozi ya ishirini na sita ilikuwa na mtu mwenye malaria aliyelala juu ya karata zake kuanzia raundi ya pili.

Kesho yake Waziri alipiga simu. Hakuagiza kitu. Alisema tu kwamba Shemeji ameshashona suti.

*

Ikaitishwa Kamati ya Haki. Mheshimiwa Shekue aliifungua kwa hotuba.

"Ndugu wajumbe! Haki si jambo la kuachiwa matokeo. Matokeo hayana adabu. Matokeo humpa aliyeshinda tu, na kumsahau mwananchi mwingine aliyejitokeza na suti yake. Je, hiyo ni haki?"

"Siyo!" wakajibu wajumbe.

Kwa hiyo likapitishwa pendekezo lililokuwa Ibara ya Kumi na Moja: kwa kuwa mshindi ameshafaidi ushindi, safari apewe ambaye hajafaidi chochote. Ilikuwa ibara nzuri, yenye huruma. Ila tulipoitumia, aliyefaidi kidogo kuliko wote alitokea kuwa yule wa malaria. Haki ilikuwa imemruka Shemeji kwa nafasi moja. Ikafutwa.

Ibara ya Kumi na Mbili ilitaka jozi iwakilishe mikoa yote kumi na mmoja. Watu wawili, mikoa kumi na mmoja. Kila mmoja awe na mizizi katika mikoa mitano na nusu. Shemeji alileta cheti kilichothibitisha kwamba alizaliwa ndani ya treni, na kwamba uchungu wa mama yake ulianza mkoa wa kwanza na kwisha mkoa wa sita. Dereva naye akaapa kwamba alishapata pancha katika mitano iliyobaki. Kamati ilikuwa inaanza kupiga makofi Bi Zawena alipoleta barua zake za uhamisho. Kabla ya kumleta posta kuu, serikali ilikuwa imemhamisha mikoa tisa. Mzee Machano alikuwa ametengeneza saa za mnara katika miwili iliyosalia.

"Hawa watu wamekaa kila mahali," akanung'unika Mheshimiwa.

"Mlitupeleka wenyewe," akasema Mzee Machano.

Ibara ya Kumi na Tatu nilidhani itatosha. Ilisema wenza waliozoeana wana faida isiyo ya haki, hivyo jozi halali ni ya watu wasiozungumza. Shemeji akaeleza kwamba katika miaka tisa hajamwambia dereva neno zaidi ya "kushoto" na "kulia." Wazee wakaitwa.

"Mna miaka thelathini na moja pamoja," Mheshimiwa akawaambia kwa upole. "Bila shaka mmezungumza mengi."

Bi Zawena akamgeukia mwenza wake. "Tumewahi kuzungumza sisi?"

Mzee Machano akafikiri. "Mwaka ule wa mafuriko uliniambia nisogeze kiti."

"Hukusogeza."

"Sikusogeza. Basi hatujazungumza, Mheshimiwa. Tunacheza."

Mashahidi kumi na wanne wa barazani wakaapa kwamba ni kweli, hawajawahi kuwasikia wakisema lolote ila karata. Kamati ikavunjika kwa chai.

*

Wajumbe walipotoka, Mheshimiwa alinibakiza.

"Binti, wewe ndiye mwenye lugha. Wajumbe hawa wanarusha mawe gizani. Sitaki jina la mtu liandikwe. Sisi si washenzi. Nataka haki tupu, ila iwe haki yenye shabaha." Akaitazama ile meza ya dirishani, ambayo ilikuwa tupu tangu mwandishi wa kabla yangu astaafu. "Na majaribio yako haya, tungeyamaliza."

Ningependa kusema kwamba nilifikiria meza. Ingekuwa afadhali. Mtu anayetaka meza na kazi ya kudumu anaeleweka. Lakini nilichofikiria kwanza ni hiki: kamati ya watu tisa imeshindwa mara tatu, na mimi naweza.

Nilichukua penseli. Nikaandika sentensi ya maneno ishirini na tisa. Nikakata. Nikaondoa sababu, nikaondoa utangulizi, nikaondoa adabu. Kila neno nililolitoa, lililobaki likakaza. Nilipomaliza, yalikuwa manane:

Kila mchezaji ataona karata hatua nne bila kusaidiwa.

Naomba niseme ukweli kwa kuwa niliahidi: nilifurahi. Niliisoma mara tatu kwa sauti ya chini, jinsi ilivyokaa, na nikajipenda.

Mheshimiwa aliisoma akakunja uso. "Fupi mno. Haina hadhi ya taifa." Kisha akaisoma tena. Nikaona jambo likimwingia taratibu. "Yule bibi... haoni?"

Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu kukaingizwa kwenye kumbukumbu kama "Ufafanuzi ulitolewa na Mwandishi."

Ukatolewa msingi wa kitaalamu, kwamba meza za kimataifa ni kubwa sana. Ukurasa wa sita niliuweka kwenye droo, chini ya bahasha, ili usichanganyikane na mengine.

*

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa posta, likiwa na ibara zote kumi na nne, zile zilizofutwa zikiwa zimeachwa kwa ajili ya historia. Nilikuwa napita upesi Bi Zawena aliposikia viatu vyangu.

"Vula! Njoo unisomee hii karatasi yenu. Machano amekwenda kula, na herufi za karatasi hii kwangu ni kama mchanga."

Nikamsomea. Ibara ya kwanza peke yake ilikuwa na maneno mia moja na kumi na mawili, na Bi Zawena alipiga miayo ilipofika "kwa kuzingatia na bila kuathiri." Nilisoma taratibu, nikitumaini mtu atampitia kumsalimia. Hakupita mtu. Nikafika ya kumi na nne, nikaisoma.

Akanielekezea sikio.

"Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Kiswahili kizuri," akasema. "Kisafi kabisa. Nani ameandika?"

Nilikuwa na nafasi pale. Baraza ilikuwa tupu, mchana ulikuwa mweupe, na yeye alikuwa amenielekezea sikio.

"Kamati, Bi Zawena," nikasema.

"Aha," akasema. "Kamati."

*

Mtihani wa macho ulifanyika saa nne asubuhi katika ua wa wizara, chini ya bendera. Kwa kuwa haki ni ya wote, waliitwa washindani wote hamsini na wawili, hata wa malaria, ambaye alikuja na blanketi. Kila mmoja angeonyeshwa karata moja, na karata ikishaonyeshwa ingewekwa kando ili anayefuata asije akaikariri. Waliitwa kwa alfabeti, kwa hiyo Bi Zawena alikuwa wa mwisho.

Palikuwa na Afisa wa Umbali, aliyepima hatua nne. Lilizuka swali kwamba ni hatua za nani, ikaamuliwa ziwe za Mheshimiwa Shekue, ambaye ni mrefu. Ilipofika zamu ya Shemeji, Mheshimiwa akakumbuka kwamba viatu vinambana, hatua zikawa fupi kidogo.

Afisa akainua karata. Shemeji akaikazia macho kwa uzalendo.

"Naona maua," akasema. "Maua meusi. Ni mengi."

"Nane ya pau!" akaita Afisa, kwa desturi yetu, na kuiweka kando. Ikaandikwa: Ameona. Hakuna ibara iliyosema lazima ajue alichokiona, na mimi niliulizwa, nikathibitisha kwamba haipo.

Mzee Machano aliona ya kwake, mfalme wa shupaza, kisha akapelekwa nje ya ua ili asimsaidie mtu. Wengine wakaendelea. Karata ziliitwa moja moja, na Bi Zawena alikuwa amekaa kwenye benchi, amefumba macho, mikono juu ya magoti, vidole vikigusagusa kanga kama zamani alipokuwa akigonga mashine.

"Zawena!"

Akasimama mstarini. Afisa akainua karata ya hamsini na mbili.

"Naona kitu cheupe," akasema Bi Zawena, "na nyuma yake naona tumbo la mtu. Hongera, mwanangu, unakula vizuri."

Watu wakacheka. Mheshimiwa akaanza kufunga kalamu.

"Lakini ni saba ya uru," akasema Bi Zawena.

Afisa akaigeuza karata na kuitazama, kana kwamba hakuwa ameishika yeye. Ilikuwa saba ya uru. Ua mzima ukapiga makofi, na kutoka nje ya ukuta nikasikia kicheko cha Mzee Machano, aliyejua bila kuambiwa kwamba makofi hayo ni ya nani.

"Bibi!" Mheshimiwa akapaza sauti. "Nani amekuambia?"

"Nyinyi. Karata ni hamsini na mbili. Mmeniitia hamsini na moja. Ningeshindwa kujua hii moja, ningekuwa nimekuja kufanya nini?"

"Umeiona au hukuiona?"

"Nimeijua."

Mheshimiwa akafungua kalamu, akaifunga tena. Wajumbe nao walitazamana, kwa sababu hata wao, kwa muda mfupi, waliona kwamba mchezo wenyewe ndio huo, na kwamba mbele yao alikuwa amesimama mtu aliyeucheza bila meza. Nafikiri kama asingejitokeza mtu kusema kitu, wangempitisha kwa aibu tu.

"Mwandishi," Mheshimiwa akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye kanuni. Inasema ajue, au inasema nini?"

Ningeweza kusema kwamba upo ukurasa wa sita. Ningeweza kusema kwamba Shemeji aliona asijue, na huyu amejua asione, na kwamba mashindanoni hawaendi watu kutazama maua. Kulikuwa na maneno mengi ya kutumia, na mimi ninayo mengi. Lakini nilikuwa nimefundishwa kukata.

"Ataona," nikasema.

Bi Zawena akageuza uso. Hakunitazama mimi, alitazama kidogo kushoto kwangu, pale sauti ilipompata. Kisha akaomba fimbo yake.

Langoni Mzee Machano alikuwa amesimama, hacheki tena. Akavua kile kioo shingoni na kunitilia mkononi.

"Chukua wewe," akasema. "Sisi hatuna shida ya kuona hapa."

Akaandika jina lake kwenye karatasi ya waliojitoa, akamshika mwenza wake kiwiko, wakaenda zao barazani. Waliwahi karata za saa sita.

*

Shemeji na dereva wakasafiri. Kutokana na kujitoa huko, na kutokana na wenzao wengine kushauriwa wajitoe, walikuwa wameshika nafasi ya kwanza.

Ripoti yao ninayo kwenye faili, niliichapa mwenyewe. Inasema walipofika Shemeji alishangaa kukuta watu wananadi kabla ya kucheza, kama brij inavyotaka, kwa kuwa alidhani wanauza kitu. Inasema dereva alijua mchezo kidogo, ila alikatazwa kumpita bosi wake kwa alama. Inasema pia, katika aya ambayo Mheshimiwa aliniagiza niifute nami nikaifuta kwenye nakala zote isipokuwa moja, kwamba katika meza ya nne aliketi bibi kizee wa nchi nyingine, kipofu kabisa, akisomewa karata na mjukuu wake, na kwamba alimfunga Shemeji ndani ya dakika kumi na mbili.

Walirudi wakiwa wa mwisho. Redio ya taifa ikatangaza kwamba hakuna nchi iliyoweza kutuondoa kwenye nafasi yetu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Bendi ikapiga. Shemeji akafanywa Mshauri wa Macho wa Taifa. Ibara ya Kumi na Nne imeombwa na nchi mbili za jirani, nami nimewapelekea nakala zenye muhuri. Majaribio yangu yakaisha. Meza ni nzuri. Kutoka dirishani unaiona posta.

*

Niliiona posta kwa wiki tatu ndipo nikashuka.

Walikuwa wanne mezani, saa tisa alasiri. Nilisimama kwenye ngazi.

"Nani?" akauliza Bi Zawena.

"Mimi. Nyamvula."

"Najua ni wewe. Nimeuliza ili ujitaje." Akasogea, akapiga baraza kando yake kwa kiganja. "Kaa. Nisomee ile ibara."

"Bi Zawena..."

"Nisomee."

Sikuhitaji karatasi. Nilipokuwa nasema, vidole vyake vilikuwa vikifunguka kimoja kimoja.

"Manane," akasema. "Ya kwanza ina mangapi?"

"Mia moja na kumi na mawili."

"Na hii manane, hakuna hata utangulizi. Mwanangu, kamati ile haijakata neno tangu izaliwe." Akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilikuwa gumu kulikabili kuliko matusi. "Nilijua siku ileile uliponisomea hapo ukutani. Nikasema ngoja, atakuja kuniambia mwenyewe. Kulikuwa na siku sita kabla ya mtihani. Nilingoja zote."

Mzee Machano alikuwa akichanganya karata. Aliendelea kuzichanganya, ingawa zilikuwa zimechanganyika zamani.

"Ila neno moja lilikushinda," akasema Bi Zawena. "Hukulikata."

"Lipi?"

"Kila. 'Mchezaji ataona karata hatua nne bila kusaidiwa.' Ilitosha. Kila uliliweka la nini, na mchezaji mwenyewe alikuwa mmoja?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa tangu dirishani.

"Bi Zawena, napenda kukueleza kwamba kwa hali ilivyokuwa ofisini wakati ule, na kwa kuzingatia kwamba mimi nilikuwa bado kwenye majaribio, na kwa kuwa sikujua kwamba jambo lenyewe litafika..."

Vidole vyake vilikuwa vinahesabu. Vikaisha vya mkono wa kulia, vikaisha vya kushoto, akavikunja akaanza upya.

"Mama ameshazikwa, mwanangu," akasema.

Nikaanza kukata. Nikakata ofisi. Nikakata majaribio, nikakata Mheshimiwa, nikakata mvua ya siku ile ya ukurasa wa sita. Nilikata mpaka nikafika mahali ambapo sikuwa na kingine cha kutoa, na lilikuwa limebaki moja.

"Nisamehe."

Mzee Machano akaacha kuchanganya.

"Imepokelewa," akasema Bi Zawena.

Nilingoja neno la pili. Karata ziligawiwa, kumi na tatu kila mmoja. Bi Zawena akazikusanya zake, akazileta puani kama kawaida yake, akakaa nazo hapo kwa muda mrefu. Kisha akazishusha na kuninyooshea mimi nimsomee sikioni, kwa sababu hata za karibu sasa zilikuwa zimekwenda.

Nikaanza na shupaza.